Bawabu Asiyemwamini Mtu

Alikuwapo bawabu mmoja, Nungunungu, mlinda mlango wa chama cha siri cha wanyama wadogo, ambaye hata kivuli chake hakukiamini. Wanachama walifika wamejifunika majoho gubigubi, wakatambuliwa kwa neno la siri tu.

Siku moja Pimbi akamnong'oneza neno hilo.

"Mbona unanong'ona?" akafoka Nungunungu. "Asiye na la kuficha husema kwa sauti!"

Basi ikawa ndiyo desturi ya mlangoni.

Kikao kingine akaja mwenye joho lililombana mabegani. Nungunungu akasimamisha miiba. Lakini mgeni alilitamka neno kwa sauti kubwa kuliko wote, akafunguliwa.

Ndani yakapasuka mayowe.

"Chui!" akalia Nungunungu. "Nani kakufundisha neno letu?"

"Wewe, mwalimu wangu," akajibu Chui, akijilamba. "Nami nilijilaza kichakani, nyuma yako."