Upande wa Kichwa cha Kitanda

Daktari mkuu alikuja kumteua kiongozi mpya wa wodi, ambaye kwa desturi husimama upande wa kichwa cha mgonjwa na kumweleza daktari hali yake. Alimpita sista aliyekaimu nafasi hiyo mwaka mzima, akamwita muuguzi kijana wa kiume aliyeajiriwa juzi.

“Simama hapa, bwana. Wodi inataka mwanamume. Sista ana watoto wa kulea.”

Sista alikuwa amekishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akihesabu mapigo. Alimaliza kwanza, ndipo akajibu.

“Watoto wana baba, Daktari. Tena hufunga nepi kunishinda mimi.”

Mgonjwa akacheka chini kwa chini. Daktari hakucheka.

“Nipishe hapo, mdogo wangu,” sista alimwambia kijana.

Kijana akampisha. Sista akasimama pale upande wa kichwa, akaanza kueleza hali ya mgonjwa.