Maua ya Meza

Katika makumbusho ya sanaa na teknolojia, Zuhura, bi harusi wa Jumamosi, aliweka mkono kwenye meza ya maonyesho, na mwanga kutoka juu ukamchora maua ya hina kufumba na kufumbua. Mwanaisha, somo yake aliyempaka hina tangu utotoni, aliuma mdomo.

"Jumamosi nataka kama haya, somo."

"Basi ije meza. Mimi nitakuja kula pilau."

Zuhura alicheka, akaondoa mkono. Maua yakabaki mezani.

Mwanaisha akauweka wake, ashindane na meza. Mwanga ukamchora taratibu, ua baada ya ua, hadi kiwikoni. Miaka thelathini alikuwa akipamba wenzake. Yeye hakuna aliyewahi kumpamba.

"Toa mkono, somo, watu wanangoja."

Mwanaisha akaweka na wa pili.