Kipusa wa Jukwaani

Kipusa alikuwa amecheka tena. Safu nzima ya vikaragosi vya kutoa machozi, na chini yake maneno: "Diski Ngumu, wallahi utanivunja mbavu!"

Mama Pacha aliisoma simu akiwa ameegemea cherehani, sare ya shule imekwama chini ya sindano. Diski Ngumu alikuwa mumewe. Ndilo jina alilojipa kwenye jukwaa la mtandaoni, ambako watu hubishana kutwa juu ya habari za teknolojia, kana kwamba kuna atakayewapikia.

Utani wenyewe Mama Pacha ndiye aliyeusikia kwanza, jana, mezani. "Mwenye nakala moja ya data zake ni sawa na mwenye suruali moja," mumewe alisema. "Siku ikichanika, hatoki ndani." Mumewe alitunza mitambo ya data hospitalini, na utani wake wote ulitoka huko. Mama Pacha alimjibu kama siku zote: "Baba Pacha, kula bwana, chakula kinapoa."

Na sasa kuna mwanamke huko anavunjika mbavu.

Wahenga wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alikonda kweli. Gauni lake la kutokea alikwisha kulipunguza kiunoni, na bado lilimpwaya.

Shoga yake, muuza vitambaa, ndiye aliyemfungulia akaunti. "Jiite Sindano," alimwambia. "Ingia, mchome huyo mumeo, uone nani atalia."

Basi Sindano akaingia. Siku hiyo mjadala ulikuwa wa simu huria, zile ambazo mwenyewe unaweza kubadilisha programu zake bila kuiomba kampuni ruhusa. Diski Ngumu alikuwa ameandika makala ndefu ya kuzitetea. Sindano akaandika: "Huyu anajifanya mjuzi tu. Hata kitasa cha mlango wake kimemshinda."

Kipusa alitokea kama aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia. "Wewe Sindano, koma! Unamjua huyo? Mtu anarudi nyumbani amechoka, hana wa kumuuliza habari za kazi, na bado anakaa kuwaelimisha bure. Mheshimu!"

Mama Pacha alihisi damu ikimwenda mbio. Hana wa kumuuliza! Kumbe nyumba yake inaanikwa nje kama nguo za kufuliwa.

Ushahidi ukazidi. Baba Pacha alipougua homa akalala wiki nzima, Kipusa naye hakuandika hata herufi. "Ana majonzi, mgonjwa wake yuko kitandani," shoga alisema. Baba Pacha alipopelekwa semina mji mwingine, ukimya uleule. Shoga aliacha kukunja vitambaa. "Mwenzangu, sasa unataka uletewe na picha?"

Asubuhi moja Mama Pacha alishindwa kujizuia. Alimmiminia mumewe chai, akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi: "Kipusa ni nani?"

Chai ilimpalia. Alikohoa mpaka macho yakawa mekundu. "Ni... mtu tu. Wa jukwaani."

"Mtu gani?"

"Mtu mzuri."

"Umewahi kumwona?"

"Hapana. Yaani, si uso kwa uso."

Mama Pacha aliondoka mezani, akaketi kwenye cherehani, akashona mguu wa suruali ya mteja ukafungika juu na chini. Alimpenda mume huyu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba alimpenda, na kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipomwona akimchekea mtu yeyote mle ndani jinsi alivyokuwa akiichekea simu.

Jumamosi akawapeleka pacha kwa bibi yao. Aliporudi alikuta mumewe sebuleni, kompyuta ya kazini mapajani. "Namalizia ripoti ya hospitali," alisema bila kuinua kichwa. Simu yake ilikuwa jikoni inachajiwa. Mama Pacha aliichomoa kimyakimya, akaizima, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Leo hapatakuwa na wa kumtonya huyo Kipusa.

Akaenda chumbani, akashusha sanduku juu ya kabati, akapanga nguo zake. Alipomaliza kulifunga, alikaa juu yake, akafungua jukwaa na kumwandikia Kipusa faraghani.

"Mimi si Sindano. Mimi ni mke wa Diski Ngumu. Umenishinda. Unajua kumcheka akitania na kumtetea akitukanwa, mimi sijui. Sanduku langu nimeshalifunga. Kabla sijatoka, niambie neno moja tu la kweli: unampenda?"

Alituma. Punde chini ya ujumbe pakatokea maandishi madogo ya kijivu: *Kipusa anaandika...*

Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea tena.

"Unatafuta uongo wa kunipa," Mama Pacha alinong'ona. Akainuka, akaliburuta sanduku kwenye ukumbi, simu mkono wa kulia. Jibu hilo, liwe liwalo, atalisoma kwa sauti mbele ya mwanamume huyo, amtazame usoni, ndipo atoke.

Alisimama mlangoni mwa sebule. Mumewe hakumsikia. Alikuwa ameinamia kompyuta, midomo inamcheza.

Kila vidole vyake viliposhuka kwenye vitufe, simu mkononi mwa Mama Pacha ilionyesha *Kipusa anaandika...* Na alipoviinua kujifuta machozi, maandishi yakapotea.