Ufalme Wako

"Salini Baba Yetu," alisema mwenye panga. "Pamoja, kwa sauti."

Nikatoa pini mdomoni. Mama mkwe akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Wanaume walioingia kwenye chumba chetu cha kushonea walikuwa wamefunika nyuso. Hatukujua kama ni wa kanisa langu au la kwake.

Mimi ni Mkatoliki, yeye Mprotestanti. Tangu niolewe tunazozana mezani: mimi husema ufalme wako ufike, yeye husema uje. "Ufike?" hunitania. "Kwani umepanda basi?"

Tukaanza. "Baba yetu uliye mbinguni..."

Sauti yake iling'ang'ania yangu. Uzi mwekundu ulining'inia kidoleni mwake.

"Jina lako litukuzwe..."

Mwenye panga akainama, akatega sikio. Hapo ndipo nikaelewa anasubiri neno gani. Tukipishana, mmoja wetu amekwisha.

Mama mkwe akanishika mkono, akaubana. Naye alikuwa ameelewa.

"Ufalme wako uje," nikasema.

"Ufike," akasema yeye, papo hapo.