Kibati Msumarini

Bugumba alitoka chini ya tundu mgodini akipangusa jasho. Yeye na Lushinge walikuwa wamemaliza kufunga gurudumu la meno kwenye bomba lililoteremshwa kutoka juu, futi mia tatu za mwamba. Sasa mashine huko juu ingelivuta likizunguka na kulipanua tundu, na vifusi vyote vingemwagika pale pale walipokuwa wamesimama.

Penye kamba ya kuzuia watu palikuwa na msumari. Anayeingia hutundika kibati chenye jina lake, anayetoka hukichukua. Bugumba alikuta kimoja tu. Bila shaka Lushinge keshachukua chake, katangulia kunywa maji. Akakitungua, akainua simu.

"Msumari mtupu?" aliuliza mzee Kitundu, mwendesha mashine.

"Mtupu, mzee. Vuta."

Mwamba ukaunguruma. Mawe yakaanza kudondoka gizani, kwanza moja moja, kisha kama gunia lililopasuka. Bugumba akatia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikagusa kitu cha baridi. Akakitoa. Kilikuwa kibati chenye jina lake. Alikuwa amesahau kukitundika alipoingia.

Akafumbua kiganja cha pili: LUSHINGE.

"Simamisha! Mzee, simamisha!" alipiga kelele kwenye simu.

Mngurumo ukakatika. Vumbi likatambaa hadi miguuni pake.

"Kuna nini huko?" simu ikauliza. "Bugumba! Kuna nini?"

Alikirudisha kibati cha Lushinge msumarini. Kisha akatundika na cha kwake, akainama, akapita chini ya kamba.