Chapa Juu ya Kichwa cha Fimbo

Murdo alipogeuza kichwa cha mbao cha fimbo ya gofu alichokichonga mwenyewe, alikuta kimekwisha kupigwa chapa. Jina lilikuwa la mtoto wa fundi aliyemfunza.

Miaka mitano ya uanagenzi, na ahadi ilikuwa moja tu: kichwa chake cha kwanza kisicho na dosari kingebeba jina lake.

"Fundi, si hiki nimekichonga mimi?"

"Mikono yako, mwanangu. Karakana ya ukoo."

"Uliniahidi tukitoka kanisani!"

"Wateja wanataka jina la babu yangu, alilolirithi mtoto wangu. Haya, acha kununa, mimina madini ya risasi ya kuongeza uzito kwenye tundu la nyuma."

Risasi ilikwisha kuyeyuka, inang'aa kama kioo. Murdo akainua upawa, akakigeuza kichwa, tundu likawa chini na jina likawa juu, akamimina.