Nipe Mji

Haya, nikutegee. Kuna mji hukupewa na mtu wala hukuuomba, na ukishautoka huwezi kumpa mwingine. Mji gani huo? Fikiri kwanza, usinijibu.

Bibi Shukriya wa Ibra, huko Omani, alikuwa akiwatega hivyo wajukuu zake, na wakishindwa anadai: "Nipeni mji!" Wakimpa Nizwa, anakwenda Nizwa, anakula halwa ya watu, anarudi. Wakimpa Sur, anashiba papa wa Sur. "Na kwenu hasa wapi, Bibi?" wakimuuliza, anacheka. "Hicho ndicho kitendawili chenyewe."

Watu walisema kwao Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kupita Ngazija, kwa zile nywele zake za kulala na kile kimo chake kifupi. Marehemu mumewe, Bwana Soud, alimkuta Unguja, akamwoa, akampa na jina. Ya kabla ya hapo hakuna aliyeyajua. Akiitwa Mbukini hakubali wala hakatai.

Basi Ijumaa moja, mwaka wa sabini na nane, Marhoun, mjukuu wake wa kwanza, alikuwa amerudi kutoka Japani, alikopelekwa na kazi kusomea mashine za maji. Siku ya kuondoka alimwahidi Bibi: "Nikirudi nakupeleka kwenu kwa ndege, ukawaone watu wako kabla hujafa. Wewe useme wapi tu." Sasa mshahara upo, paspoti ya Bibi ipo, na nyumba nzima imekaa uwanjani baada ya chakula, inangoja mji.

"Shikamoo, Bibi. Leo hunikimbii. Kwenu wapi?"

"Marahaba, mume wangu. Leo nitakwambia, wallahi. Lakini kula kwanza, unihadithie ulikotembea."

Akamsogezea sahani ya vikate vyake vya kila Ijumaa: viazi vitamu vilivyoanikwa juani mpaka vikakauka, vikatwangwa pamoja na mchele, vikaviringwa. Ibra nzima hakuna mwingine aliyejua kuvipika.

Marhoun alikuwa na mdomo mtamu, na yeye mwenyewe akijijua. Siku za mapumziko, alisema, yeye na wenzake wakipanda feri kwenda visiwa vya kale. Huko unakwenda kwa miguu kutwa nzima: njia za mawe juu ya milima, mashamba ya mpunga yamepangwa kama ngazi, makaburi ya watu waliokuwa wakiificha dini yao. Pwani, pweza wameanikwa kwenye kamba, mikono wameitanua kama kanzu za watoto.

"Na samaki wanawala wabichi!"

"Astaghfirullah!" Hamda, dada yake, akaziba mdomo.

"Na hivi vikate vyako, Bibi, wanavyo! Hivihivi!"

"Wamemwibia Bibi," Hamda akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Bibi hakucheka. "Kunaitwaje huko?"

"Amakusa."

"Sema tena."

"Ah, Bibi, jina hilo hutaliweza kulitamka."

"Sikukuomba nilitamke. Nimekuomba uliseme tena."

Akalisema tena. Kikombe cha kahawa kikasimama kabla hakijafika midomoni. "Na ukishuka mlimani," Bibi akauliza taratibu, "bado kuna watu?"

"Watu tele. Na mwehu mmoja, ngoja nikuchekeshe." Marhoun akakaa vizuri, maana hicho ndicho kisa alichokiweka akiba.

Gatini kulikuwa na kizee kimoja cha kike. Kila mgeni akishuka kwenye feri, kinamshika mkono, kinamhadithia yaleyale. Dada yake, mwaka wa njaa, baba yao alimtoa kwa mtu wa meli, akavushwa bahari. Aliahidi atarudi. Basi kizee kinampikia kikate, kinakifunga kwenye jani, kinampa kila mgeni: mfikishie dada yangu.

"Tangu utoto wake, Bibi! Kila tukishuka, dada, dada, dada. Na mimi Kijapani kishaniingia. Siku hiyo wenzangu wakanichokoza, we Marhoun, si umjibu basi! Nikamwambia: dada yako namjua. Kafa. Nimemzika kwa mikono yangu hii."

"Ee Mola wangu!" Hamda akasema, lakini kicheko kilishamponyoka.

"Kikaniinamia mpaka chini, kinanishukuru! Kikate kikaniachia, nikakila. Tuliporudi mara ya pili, gati tupu. Mwenye feri akatwambia kilijitia baharini siku ileile." Marhoun akachukua kikate kingine, akakiuma. "Sasa mwehu yule, angengoja mpaka lini?"

Safari hii hawakucheka wote. Hamda akampapasa Bibi goti. "Haya, Bibi, mumeo keshahadithia. Na wewe uliahidi. Tupe huo mji, tikiti ikakatwe."

Bibi Shukriya alikuwa akivikusanya vikate kwenye sahani, kimoja kimoja. Akanyoosha mkono, akakitoa na kile kilichoumwa kwenye vidole vya Marhoun, akakiweka juu ya vyenzake.

"Tikiti muiache," akasema. "Mji ni huohuo alikotoka huyu." Kisha akamtazama Marhoun usoni. "Na mimi, mume wangu, ndiye yule uliyemzika."